Reli ya Shaba, Treni ya Mchele

Dar es Salaam ina stesheni kuu tatu za reli, na treni ya moja haiwezi kuingia kwenye nyingine hata kwa hatua kumi. Katikati ya mji, karibu na bandari, ipo stesheni ya Reli ya Kati, njia ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905. Vyuma vyake viwili vimeachana milimita 1,000. Jirani yake limesimama jengo jipya la SGR, treni ya umeme iliyoanza kupeleka abiria Morogoro mwezi Juni 2024, nayo upana wa reli yake ni milimita 1,435. Ya tatu imejitenga na wenzake, iko kwenye makutano ya Barabara ya Nyerere na Barabara ya Mandela, njia ya kwenda uwanja wa ndege. Hiyo ndiyo Tazara, ya reli inayounganisha Tanzania na Zambia. Upana wa reli yake ni milimita 1,067.

Tofauti hiyo ya milimita 67 kati ya Tazara na Reli ya Kati imezaa kioja. Treni ya Tazara inaweza kwenda hadi Cape Town, lakini haiwezi kwenda Morogoro mjini. Tangu miaka ya 1990 treni ya kitalii ya Rovos Rail imekuwa ikitoka Cape Town, ikikatiza Zimbabwe na Zambia, na kumalizia safari hapo hapo Tazara, watalii wakishuka wametulia kana kwamba wamevuka mtaa tu. Mzigo unaotoka Makambako kwenda Dodoma kwa reli, kwa upande mwingine, hauna njia ila ushushwe na kupakiwa upya. Ilibidi kijengwe kituo cha kuhamishia mizigo pale Kidatu, ambako tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa linakutana na Tazara, nacho kilianza kazi mwaka 1998, zaidi ya miaka 20 baada ya reli yenyewe kukamilika.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Tazara ni jina la makutano kwanza, reli baadaye. Konda wa daladala akiita "Tazara!" anayeshuka mara nyingi anaelekea Buguruni, Vingunguti au Temeke, wala hana habari na treni. Hata daraja la juu la Mfugale, lililofunguliwa Septemba 2018 kupunguza foleni hapo, wengi huliita la Tazara. Jengo lenyewe liko pembeni, la zege, pana kuliko refu, na mbele yake kuna uwanja mkubwa usiolingana na idadi ya magari yanayoegeshwa humo siku za kawaida. Ndani ukumbi wa abiria una dari ya juu na nafasi ya kutosha mamia ya watu na mizigo yao. Siku isiyo na safari, hatua za mlinzi mmoja husikika kutoka upande mmoja hadi mwingine. Siku ya safari ni hekaheka: magunia, madumu, magodoro yaliyokunjwa, watoto wamelala juu ya mabegi, na foleni inayojipinda kuelekea mlango wa kutokea kwenye treni.

Anayeingia mara ya kwanza hujiuliza ni nani aliyepima ukubwa huu, na alitarajia nini.

Alitarajia shaba. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ikiwa na utajiri mmoja mkubwa, migodi ya shaba ya kaskazini, na tatizo moja kubwa, haina bahari. Shaba ilikuwa zaidi ya asilimia 90 ya mauzo yake ya nje, na sehemu kubwa ilisafirishwa kwa reli kupitia Rhodesia ya Kusini hadi bandari ya Beira, Msumbiji. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru wao ili Waafrika wasitawale. Msumbiji na Angola zilikuwa bado chini ya Wareno. Zambia ikajikuta mlango wake wa kutokea uko mikononi mwa watu iliowapinga waziwazi.

Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikuwepo, lakini sehemu kubwa ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na malori yaliyobeba mafuta yalipinduka mengi kiasi kwamba madereva waliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la Tazama, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968 na kuondoa sehemu ya adha hiyo. Shaba, hata hivyo, haipiti kwenye bomba.

Wazo la reli lilikwishawekwa mezani kwa wakubwa wa dunia, nao walilikataa. Benki ya Dunia ilitoa tathmini mwaka 1964 kwamba reli hiyo haitalipa na kwamba barabara ingetosha. Uchunguzi mwingine uliofanywa na wataalamu wa Uingereza na Kanada mwaka 1966 ulifikia jibu tofauti, kwamba mradi unafaa, ila hakuna nchi ya Magharibi iliyotoa fedha. Wakati huo Mwalimu Nyerere alikuwa amekwishazuru Beijing, Februari 1965, na kupewa ahadi ya msaada. Rais wa Zambia, Kenneth Kaunda, alisita. Hakutaka kuonekana amejiunga na kambi ya Wakomunisti. Naye akaenda Beijing Juni 1967, na tarehe 5 Septemba mwaka huo nchi tatu zikatia saini mkataba wa kwanza.

Ikumbukwe China ya wakati ule haikuwa China ya leo. Ilikuwa nchi maskini, imo katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, haina kiti Umoja wa Mataifa. Bado ilikubali kutoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, unaolipwa kwa miaka 30, na malipo yasubiri hadi mwaka 1983. Deni liligawanywa nusu kwa nusu kati ya Tanzania na Zambia. Gharama za ndani, kama mishahara ya vibarua, zililipwa kwa njia isiyo ya kawaida: nchi hizo mbili zilinunua bidhaa za China kwa mkopo, zikauzwa madukani, na fedha zilizopatikana zikaingia kwenye ujenzi. Kwa maneno mengine, Mtanzania wa mwaka 1972 aliyenunua bidhaa ya Kichina dukani alikuwa anachangia taruma la reli bila kujua.

Haikuwa sadaka tupu, na si vibaya kulisema hilo. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuirejeshea Beijing kiti chake, na Tanzania, balozi wake akiwa Salim Ahmed Salim, ilikuwa mstari wa mbele kuipigania. Miaka 10 baadaye Salim alipogombea ukatibu mkuu wa umoja huo, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu, na China ikamzuia mpinzani wake Kurt Waldheim mara 16 mfululizo. Urafiki uliojengwa kwa vyuma na zege ulikuwa na hesabu zake kwa pande zote.

Ujenzi ulizinduliwa Dar es Salaam tarehe 26 Oktoba 1970, Nyerere na Kaunda wakiwepo. Kabla ya hapo wapimaji wa Kichina walikuwa wametembea kwa miguu porini kwa miezi mingi, kutoka pwani hadi Nyanda za Juu Kusini, wakitafuta njia ya kupitisha treni mahali ambapo hata gari lilishindwa. Wachina, ambao kwao reli ni ya milimita 1,435, walikubali kujenga ya 1,067 ili iungane na reli ya Zambia na za kusini yote. Hapo ndipo lile fumbo la Morogoro lilipozaliwa. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa lengo lililokuwepo: reli ilikuwa inatafuta shaba Zambia, haikuwa inatafuta mahindi Dodoma.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba, takriban kilomita 500, kazi ilikwenda haraka. Ardhi ni tambarare kwa sehemu kubwa: pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kisha bonde la Kilombero chini ya milima ya Udzungwa. Ugumu wa bonde hilo ulikuwa maji, joto, malaria na wanyama. Vyuma vilifika Mlimba mwishoni mwa mwaka 1971.

Mlimba kwenda Makambako ni hadithi nyingine. Ni kilomita 158 tu, lakini treni inapanda kutoka bondeni hadi nyanda za juu, zaidi ya mita 1,000 kwenda juu, katika milima inayoporomoka mvua ikinyesha. Ndani ya kipande hicho kuna mahandaki 18 na madaraja 46. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo zenye urefu wa kama mita 50, na abiria aliyeko dirishani huona mkia wa treni yake mwenyewe ukiwa bado upande wa pili wa bonde. Udongo ulikuwa laini, maji yalibubujika ndani ya mahandaki, na wachimbaji walifanya kazi zamu usiku na mchana. Wapo waliofukiwa. Katika mradi mzima walikufa Wachina zaidi ya 60 na Waafrika wengi zaidi. Baadhi ya Wachina wamezikwa nje kidogo ya Dar es Salaam, upande wa Gongo la Mboto, kwenye makaburi yaliyopangwa kwa safu, na Rais Xi Jinping alikwenda kuweka shada hapo Machi 2013.

Mwaka 1972, kazi ilipopamba moto, walikuwepo vibarua Waafrika wapatao 38,000 na Wachina wapatao 13,500. Vijana wengi wa Kitanzania waliandikishwa kupitia chama cha TANU na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Waliingia hawajui hata kushika ufunguo wa nati, wakatoka madereva wa katapila, wachomeleaji, mafundi umeme na mafundi wa mahandaki. Vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea uhandisi wa reli na kurudi kuiendesha. Ukiuliza wazee wa Mang'ula au Ifakara kuhusu Wachina wale, jambo linalorudiwa mara kwa mara ni kwamba bwana mkubwa na kibarua walivaa nguo zinazofanana na kushika sururu pamoja. Kwa watu waliokulia chini ya mzungu aliyeketi kwenye kivuli na kofia ya jua, hiyo ilikuwa ajabu.

Wakati huohuo Wamarekani, ambao walikuwa wamekataa reli, walikuwa wanasaidia kujenga barabara ya lami kutoka Tanzania kwenda Zambia. Kuna sehemu barabara hiyo na reli vinakaribiana kabisa. Vita baridi vilipiganwa pia kwa kokoto.

Januari 1973 Ian Smith alifunga mpaka wa Rhodesia na Zambia, na Kaunda akakataa kuufungua hata Smith alipobadili mawazo. Reli ikawa haiwezi tena kungoja. Agosti mwaka huo vyuma vilifika Tunduma na kuvuka kuingia Nakonde, na kutoka hapo njia ya Kasama, Mpika na Serenje ilikuwa rahisi zaidi, nchi tambarare yenye mito mingi. Mwezi Juni 1975 vyuma vya mwisho vilifika Kapiri Mposhi, mji mdogo ulioko kwenye reli ya zamani ya Zambia, ambao nao ulijengewa stesheni kubwa ya kisasa isiyolingana hata kidogo na ukubwa wake. Jumla ilikuwa kilomita 1,860, kati ya hizo kama 975 ziko Tanzania na 885 Zambia, pamoja na madaraja zaidi ya 300 na mahandaki zaidi ya 20. Sehemu ya juu kabisa iko Uyole, Mbeya, karibu mita 1,790 juu ya usawa wa bahari. Tarehe 14 Julai 1976 reli ilikabidhiwa rasmi kwa nchi mbili. Watu waliiita Reli ya Uhuru, na kwa kipindi hicho jina lilistahili: mwaka uleule wa 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela iliyokwenda bandari ya Lobito, na Tazara ikabaki njia kubwa pekee ya reli ya Zambia isiyopita mikononi mwa walowezi.

Miaka ya mwanzo ilikuwa mizuri kuliko yote iliyofuata. Reli ilikusudiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Mwaka wa fedha 1977/78 ilibeba zaidi ya tani milioni 1.2. Haikuwahi kufika lengo. Kwa hiyo yule aliyepima ukubwa wa ukumbi wa Dar es Salaam alipimia treni ambazo hazijaja hadi leo.

Matatizo yalikuja kwa mkupuo. Bandari ya Dar es Salaam ilijaa mizigo ikashindwa kuitoa, na Oktoba 1978 Kaunda, kwa shingo upande, alifungua tena njia ya kusini ili mbolea iwafikie wakulima kabla ya mvua. Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walilipua madaraja ya Chambeshi kaskazini mwa Zambia, la reli na la barabara, na kuikata Tazara katikati. Vichwa vya treni vilivyotoka China vilikuwa vinachoka kwenye miinuko ya Mlimba, vikipata joto kupita kiasi na kulala karakana. Mwaka 1983 Tazara ikaleta vichwa vingine vya dizeli, vilivyoundwa na kampuni ya Krupp ya Ujerumani Magharibi kwa usanifu wa General Electric ya Marekani. Reli ambayo Magharibi iliikataa ikawa inavutwa na mashine za Magharibi juu ya vyuma vya Kichina. Wataalamu wa China nao walirudi, safari hii kusaidia uongozi, na hali ikatengemaa kwa muda.

Kisha uhuru wenyewe ukaipokonya reli kazi yake. Zimbabwe ilijitawala mwaka 1980, Afrika Kusini ikaondoa ubaguzi wa rangi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na njia za kwenda Beira na Durban zikawa halali na nafuu. Migodi ya Zambia ilibinafsishwa, na mwenye mgodi mpya alichagua msafirishaji kwa bei na muda, hakuchagua kwa historia. Malori yakachukua sehemu kubwa iliyobaki. Anayetaka kujua mzigo wa Tazara ulikwenda wapi aende Tunduma akatazame foleni ya malori mpakani.

Kuwalaumu wenye malori peke yao, hata hivyo, ni kukwepa ukweli. Mzigo upo, na umeongezeka: shaba na kobalti ya Zambia na ya Kongo hutoka kwa wingi kuliko zamani. Kilichokosekana ni vichwa vya treni vinavyotembea, mabehewa mazima na uamuzi wa haraka. Tazara ni mali ya serikali mbili kwa hisa sawa. Jambo kubwa lazima lipite kwa mawaziri wa nchi zote mbili, na kwa miaka mingi kila upande ulingoja mwenzake atoe fedha kwanza. Mishahara ilichelewa, wafanyakazi wakagoma zaidi ya mara moja. Mwaka 2014/15 mzigo ulishuka hadi kama tani 88,000, chini ya asilimia tano ya lengo la awali. Reli iliyojengwa kwa miaka mitano ilikuwa imeachwa ioze kwa miaka 30.

Lakini hesabu hiyo ya tani ina upofu wake, kwa sababu inaanza na shaba na kuishia na shaba. Watu walioishi kando ya njia walikuwa wamekwishaigeuza reli hii kuwa kitu kingine.

Bonde la Kilombero kabla ya Tazara lilikuwa mahali pa kutengwa. Masika ikianza, Mlimba na vijiji vyake vilikuwa kisiwani. Stesheni zilipojengwa, watu wakahamia kando ya njia, wakafyeka mashamba, na mchele wa Ifakara na Mlimba ukapata soko. Ilianzishwa treni fupi ya wenyeji iliyopita kati ya bonde na nyanda za juu, ikisimama kila stesheni ndogo, na watu wakaiita Kipisi. Ndani yake ilijengeka biashara nzima. Mwanamke wa Mlimba alipanda na magunia mawili ya mchele, akashuka Makambako ambako ni baridi na mpunga haukubali, akauza, akanunua viazi, maharage au vitunguu, akarudi navyo bondeni ambako havistawi. Faida ilikuwa ndogo kwa safari moja, lakini treni ilikuwepo wiki baada ya wiki, na nauli yake ililingana na mfuko wa mkulima. Vilivyopita kwenye mabehewa hayo havikuwahi kuhesabiwa kama mafanikio ya Tazara, kwa kuwa vilipita kama mizigo ya abiria.

Katikati ya miaka ya 1990, sera za kubana matumizi zilipoingia na uongozi ukapanga kupunguza huduma hizo, wanavijiji waliandika kulalamika. Hoja yao ilikuwa ya kisiasa kuliko ya kibiashara: reli hii walielezwa kuwa ni yao, waliijenga kwa mikono yao, sasa nani ana mamlaka ya kuwaondolea? Hawakukosea. Serikali iliyowaita vijana wa JKT kuja kuchimba mahandaki kwa jina la taifa haikuwaambia kwamba siku moja watapimwa kwa hesabu za tani.

Abiria wa masafa marefu nao hawakuikimbia. Kwa miaka mingi treni mbili kwa wiki zimekuwa zikitoka Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi: Kilimanjaro, ya kawaida, na Mukuba, ya haraka, ambayo haraka yake ni ya kulinganisha tu. Ratiba husema siku mbili. Uzoefu husema beba chakula cha tatu. Kuna mabehewa ya kulala ya daraja la kwanza na la pili, kuna la kukaa, kuna behewa la chakula linalopika wali kuku hadi kuku waishe. Ikitoka mchana, treni huingia hifadhini jioni, na ni kawaida kuona twiga, pundamilia na tembo kutoka dirishani bila kulipa kiingilio cha hifadhi. Huenda ndiyo mbuga ya bei rahisi kuliko zote nchini, ingawa mamlaka za utalii hazijaitangaza hivyo.

Safari hujulikana zaidi kwa stesheni zake ndogo. Treni ikisimama usiku stesheni ya bondeni, tochi na taa za simu huanza kuja kutoka gizani hata kabla breki hazijakaza. Wachuuzi wamekwishajua daraja gani linasimama wapi. Chini ya madirisha ya daraja la tatu huja magunia na mikungu ya ndizi, yakipandishwa kwa kamba na mikono minne. Chini ya daraja la kwanza huja chai, mayai ya kuchemsha na samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti. Bei hupanda honi ya kwanza ikilia na hushuka ikilia ya pili, kwa kuwa muuzaji naye hataki kurudi na samaki nyumbani. Chenji hurushwa dirishani treni ikiwa imeshaanza kutembea. Haipotei mara nyingi kama mgeni anavyodhani, maana muuzaji na mnunuzi watakutana tena wiki ijayo.

Jijini pia reli hii ilipata kazi isiyotarajiwa. Oktoba 2012, Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, zilianzishwa treni za abiria wa mjini kwenye Reli ya Kati na Tazara, na watu hawakusita kuziita treni za Mwakyembe. Ya Tazara ilikwenda upande wa Mwakanga, ikipita maeneo ambayo foleni ya Barabara ya Nyerere huchukua saa nzima asubuhi. Mabehewa yalikuwa ya zamani, viti vichache, watu wamesimama hadi mlangoni, na bado walipanda.

Sasa wakubwa wamerudi. Septemba 2024 huko Beijing, mbele ya Rais Xi Jinping, Rais Samia Suluhu Hassan na Rais Hakainde Hichilema, zilisainiwa hati za makubaliano ya kuifufua Tazara. Septemba 2025 mjini Lusaka ukasainiwa mkataba wenyewe na kampuni ya serikali ya China ya CCECC: kama dola bilioni 1.4 za uwekezaji, kampuni ikarabati njia kwa miaka mitatu na kuiendesha hadi mkataba ufikishe miaka 30. Kazi za vyuma, mahandaki na madaraja zimo, na vichwa vipya vya treni na mabehewa ya mizigo vimo.

Tofauti na mwaka 1970 ni kubwa, na haifai kufichwa na hotuba za urafiki. Ule ulikuwa mkopo baina ya serikali, reli ikabaki mikononi mwa wenyewe tangu siku ya kwanza. Huu ni wa kibiashara: anayeweka fedha atazirudisha kutokana na mizigo. Na safari hii China haiko peke yake uwanjani. Reli ya Benguela, ileile iliyofungwa na vita mwaka 1975, imekodishwa kwa kampuni za Ulaya, na Marekani pamoja na Umoja wa Ulaya zinaipigia debe njia ya Lobito kwa ajili ya shaba na kobalti ileile. Miaka 60 iliyopita hakuna aliyeitaka shaba ya Zambia kiasi cha kuijengea reli. Leo wanagombea.

Ushindani huo una faida kwa Zambia na Tanzania, ikiwa serikali zake zitajua kuutumia. Hatari iko kwingine. Mwekezaji anayehesabu tani ataona treni ya shaba, na ataona kwamba treni inayosimama kila kijiji kushusha magunia ya mchele na kuwangoja wachuuzi inamzibia njia. Ndivyo ilivyokuwa miaka ya 1990, na ndivyo itakavyokuwa tena bila kifungu cha wazi kinachotaja idadi ya treni za abiria kwa wiki, stesheni zitakazohudumiwa na nauli ya juu kabisa. Wabunge wa majimbo ya Kilombero, Mlimba, Makambako na Mbeya hawana haja ya kungoja ukarabati umalizike ndipo waulize. Waitake serikali iweke mezani kipengele cha treni za abiria sasa, wakati vyuma vya zamani bado viko chini na karamu ya shaba haijaanza.